Kupima Muda Pasipo Saa

Wasomaji wetu wote wamepata kuona jambo hili: usiku wa kuuguza mgonjwa huwa mrefu kama juma zima, na usiku wa ngoma huisha kabla mchezaji hajachoka. Walakini saa ya ukutani haikubadili mwendo wake katika usiku ule wala huu, na jogoo aliwika kwa wakati wake. Basi ni kitu gani kilichobadilika? Watu wengi hulicheka jambo hili na kuliacha lipite. Sisi twaona yafaa lielezwe, kwa sababu ziko siku ambapo heshima ya mtu, au dawa ya mtoto, au maisha ya watu waliomo majini hutegemea jibu la swali dogo: ulipita muda gani?

Sisi ambao kazi yetu ni kuandika maneno ya mashahidi tulilisikia swali hilo barazani, katika kijiji kimoja kilicho karibu na mlango wa mto Ruvuma. Mtumbwi uliokuwa ukivuka siku za bamvua ulipinduliwa na mawimbi pale maji ya bahari yanapoingia na kupigana na mkondo wa mto. Watu wanne waliung'ang'ania. Watatu waliokolewa, wa nne, mzee mwenye umri mkubwa, nguvu zilimwishia akachukuliwa na maji. Aliyewaokoa ni mvuvi aliyekuwa akivuta jarife lake mbali kidogo. Wale watatu walimshukuru kwa kuwatoa majini, kisha wakamshtaki. Walisema ya kuwa alizisikia kelele zao, naye akakaa muda wa saa tatu akishughulika na samaki wake, hata mzee akafa. Mvuvi akajibu, "Wazee wangu, kelele nilizisikia. Nilimaliza kupandisha jarife, nikaja. Hata robo saa haikutimia." Waliohudhuria walisikia saa tatu upande mmoja na robo saa upande wa pili, wakaona hapana budi mmoja wao asema uwongo, na kwa kuwa washtaki walikuwa watatu naye alikuwa peke yake, wengi walikwisha kumhukumu mioyoni mwao.

Mwisho wa shauri hilo tutausimulia baadaye. Kwanza tueleze namna mwanadamu anavyoupima muda, maana asiyejua hayo hawezi kuamua shauri la namna hii kwa haki.

Wazee wetu husema mwanadamu ana milango mitano ya fahamu, nayo ni macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Rangi huingia kwa jicho, sauti kwa sikio, harufu kwa pua, utamu na uchungu kwa ulimi, joto na baridi kwa ngozi. Je, muda huingia kwa mlango upi? Tukiutafuta hatuuoni. Hakuna kiungo katika mwili ambacho twaweza kukigusa na kusema, hiki ndicho cha kupimia muda. Ubongo hupokea habari zinazoletwa na milango yote mitano, kisha hukadiria muda kwa kutazama habari zile zilikuwa nyingi au chache, na kama sisi wenyewe tulikuwa tukizifuata kwa makini au la. Kwa hiyo muda tuuonao ni makadirio, wala si kipimo. Na makadirio hubadilika kwa kadiri ya hali ya mlango uliotumika.

Mabingwa wa elimu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mjerumani mmoja, Karl von Vierordt, alitoa kitabu chake juu ya hisia ya muda mwaka 1868. Aliona ya kuwa vitambo vifupi watu huvikadiria kuwa virefu kuliko vilivyo, na vitambo virefu huvikadiria kuwa vifupi. Tangu hapo wengine wengi wamefuata, nao wamepima mlango mmoja mmoja.

Tuanze na sikio, maana katika kazi hii ndilo hodari kuliko milango mingine. Kila aliyecheza sindimba ajua ya kuwa mpiga ngoma akichelewesha pigo moja kidogo sana, miguu ya wachezaji huvurugika mara moja. Sikio laweza kutambua pengo la kimya lenye urefu wa sehemu chache tu za elfu za sekunde. Jicho haliwezi hivyo. Katika sinema, picha 24 hupita kila sekunde, kila moja imesimama kimya mahali pake, wala jicho halizioni moja moja. Huona mtu atembea. Hata umeme tunaoutumia nchini mwetu hubadili mwelekeo wake mara 100 katika kila sekunde, na taa nyingi hupungua na kuongezeka mwanga kwa kadiri hiyo, walakini sisi tunaokaa chini ya taa hizo twaona mwanga mmoja mtulivu.

Tofauti hii huleta jambo la ajabu. Mtu akionyeshwa mwanga kwa kitambo kidogo, kisha akisikizwa mlio wa kitambo kile kile kamili, kwa kawaida husema mlio ulidumu zaidi. Tena kitambo kifupi kilichojaa milio mingi huonekana kirefu kuliko kitambo kama hicho kilichokuwa kimya. Basi watu wawili waliokuwa mahali pamoja, mmoja akitazama na mmoja akisikiliza, waweza kutoka na vipimo viwili, na wote wawili ni wakweli.

Jicho nalo lina hila yake, na msomaji aweza kuijaribu leo. Chukua saa yenye mshale wa sekunde unaorukaruka, uweke kando, kisha uutupie jicho kwa ghafula. Mara nyingi utaona mshale kana kwamba umesimama, na ile sekunde ya kwanza yaonekana ndefu kuliko zifuatazo. Mwaka 2001 wachunguzi wa London walieleza sababu yake. Jicho lirukapo kutoka mahali hata mahali, haliwezi kuona vizuri lingali njiani. Na ubongo hauachi pengo lile wazi, bali hulijaza kwa kile ulichokiona jicho lilipofika. Kwa hiyo sekunde ya kwanza huongezewa muda ambao haikuwa nao.

Hapo msomaji mwenye akili atauliza: ikiwa milio mingi hurefusha muda, mbona usiku wa ngoma ni mfupi? Swali hili ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha maneno yetu. Yale ya milio ni habari ya vitambo vya sekunde chache. Muda ukiwa mrefu, wa saa nyingi, jambo kubwa huwa ni mahali tulipoielekeza akili. Mchezaji wa ngoma hauangalii muda hata kidogo. Akili yake yote imo katika ngoma, nao muda humpita pasipo kuhesabiwa. Mwuguzi wa mgonjwa hana kitu kingine cha kuangalia. Husikiliza pumzi, hutazama dirisha kama kumekucha, husikiliza tena. Kila kitambo amekihesabu, na kwa hiyo vyote vimekuwa vingi.

Watu wa Mtwara walilionja jambo hilo tarehe 25 Aprili mwaka 2019, walipotahadharishwa juu ya kimbunga kilichoitwa Kenneth. Kimbunga chenyewe kilipiga nchi kavu kusini mwa Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, nako kikaleta msiba mkubwa. Upande huu wa mto watu walikuwa wakingoja. Mchana wa kungojea namna ile ni mrefu kwa kila aliye nao, kwa kuwa macho yapo mawinguni na masikio yapo katika upepo, na mikono haina kazi.

Lakini yapasa tutofautishe muda unaopita na muda unaokumbukwa. Mwamerika William James aliandika habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1890. Alisema ya kuwa kipindi kilichojaa mambo mapya na ya kupendeza huonekana kifupi kinapopita, bali tukikikumbuka huonekana kirefu. Na kipindi kitupu huonekana kirefu kinapopita, bali baadaye huwa kifupi katika kumbukumbu. Kijana wa Msimbati aendaye Dar es Salaam kwa mara ya kwanza husema siku zake tatu za kwanza kule zilikuwa kama mwezi, na hali zilipokuwa zikipita hakuziona. Miezi mitatu aliyokaa kijijini kabla ya safari, kila siku sawa na nyingine, ameikunja kama mkeka. Kwa hiyo mtu akiulizwa muda wa jambo lililopita, haupimi muda wenyewe, huyahesabu aliyoyakumbuka.

Sasa tuje kwa mlango wa ngozi, yaani joto na baridi. Mwaka 1933 bingwa mmoja wa Marekani, Hudson Hoagland, alitoa habari ya mambo aliyoyaona nyumbani mwake. Mkewe aliugua homa ya mafua. Bwana huyo alitoka kidogo kwenda kununua vitu, na aliporudi mkewe alilalamika ya kuwa amekaa sana. Hoagland hakubishana naye. Alimwomba ahesabu kimoyomoyo hata 60, kila hesabu ikiwa sekunde moja kwa kadiri aionavyo. Akayarudia hayo mara nyingi, huku akipima joto la mwili. Akaona ya kuwa joto likipanda, hesabu nayo hukimbia. Na homa ilipokuwa kali, mgonjwa alifika 60 kabla ya sekunde 40 kutimia. Yule bibi alidhani dakika imekwisha, kumbe haijafika mwisho. Akilinganisha hesabu yake na saa ya ukutani, ni lazima aone ulimwengu wote unakwenda polepole.

Pwani yetu ni nchi ya homa. Malaria yajulikana na kila nyumba. Hata ile homa iitwayo chikungunya, iliyoandikwa na waganga kwa mara ya kwanza ilipoenea katika uwanda wa Makonde mwaka 1952, jina lake ni la Kimakonde, nalo laeleza jinsi mwili unavyopinda kwa maumivu ya viungo. Basi mwenye homa akikuambia, "Mmeniacha peke yangu tangu asubuhi," nawe umetoka kitambo kidogo tu, usimkemee kama mtu mwenye deko. Amesema kwa kadiri ya saa iliyomo mwilini mwake.

Hatari yake ni katika kunywa dawa. Dawa mseto ya malaria, itolewayo sana katika zahanati zetu, ina utaratibu wake: dozi ya pili hunywewa baada ya muda wa saa 8 tangu ile ya kwanza, na zilizobaki hunywewa asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mama aliyekesha na mtoto, akikadiria saa 8 kwa hisia zake, aweza kuitoa dawa mapema mno kwa sababu usiku umekuwa mrefu kwake, au akasinzia kitambo akadhani hakusinzia, dozi ikachelewa. Na mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kuulizwa, kwa sababu tuliyokwisha kuitaja. Siku hizi simu nyingi za mkononi zina saa na kengele; na zitumike kwa kazi hii.

Baridi nayo hufanya kinyume cha homa. Mwaka 1966 Alan Baddeley wa Uingereza alitoa habari za wazamiaji aliowapima katika maji ya baridi. Miili yao ilipopoa, hesabu yao ya sekunde ilikwenda polepole kuliko ilivyo sawa. Maana yake ni kwamba mzamiaji aliyepoa mwili aweza kudhani amekaa majini kidogo, kumbe amekaa zaidi. Bahari ya Mtwara haina baridi kama ile ya Ulaya, lakini mtu azamaye mara kwa mara kwa muda mrefu, hasa majira ya kusi pepo zivumapo, mwili wake hupoa pia. Kwa sababu hiyo si vema mtu azamie peke yake. Awepo wa kumwita.

Tumebakiza hofu. Waliopatwa na ajali husema, "Niliona kila kitu polepole, kana kwamba muda umesimama." Je, ni kweli ya kuwa ubongo wakati wa hofu huona upesi zaidi? Mwaka 2007 wachunguzi wa Marekani walitoa habari ya jaribio la ujasiri. Waliwaangusha watu, kwa hiari yao, kutoka juu kadiri ya mita 31, wakadakwa na wavu chini. Kila mmoja alipoulizwa muda wa kuanguka kwake, aliukadiria kuwa mrefu kuliko alivyoukadiria muda wa kuanguka kwa wenziwe, kwa wastani zaidi ya theluthi. Lakini mkononi walifungwa kidude chenye tarakimu zinazopita upesi mno zisizosomeka kwa kawaida. Na hata katika kuanguka hawakuweza kuzisoma. Basi jicho halikuongezewa wepesi. Wachunguzi wale walieleza ya kuwa hofu huufanya ubongo uandike mambo mengi zaidi katika kumbukumbu, na baadaye mtu aonapo kurasa nyingi zilizoandikwa, husema muda ulikuwa mrefu.

Hayo yatosha kuonyesha ya kuwa hisia zetu pekee si saa. Na mtu akifungiwa milango yote, je? Mfaransa Michel Siffre alitaka kujua. Tarehe 16 Julai mwaka 1962 aliingia katika pango liitwalo Scarasson katika milima ya Alps, pasipo saa, mahali pasipoingia jua. Aliposhughulika aliwapigia simu wenziwe waliokuwa juu, nao hawakumwambia wakati. Siku moja alijaribu kuhesabu hata 120 kwa sekunde 120, akatumia dakika tano. Walipomtoa, tarehe 14 Septemba, yeye alidhani ni tarehe 20 Agosti. Siku 25 zilikuwa zimempotea, naye ni mtu mwenye akili timamu, ambaye sehemu ya kazi yake pale pangoni ilikuwa ni kuuangalia muda.

Lakini sisi wa pwani hatukuachwa pangoni. Tuna saa mbili kubwa ambazo hazibadiliki kwa homa wala kwa hofu, nazo ni jua na maji. Mtwara iko kadiri ya digrii 10 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo mchana wetu haubadiliki sana. Mchana mrefu wa Desemba haukuupita ule mfupi wa Juni hata kwa saa moja na nusu. Kwa ajili hiyo hesabu ya Kiswahili, ianzayo jua likichomoza, yafaa sana katika nchi yetu, na kivuli cha mti kikitazamwa vema huonyesha muda kwa mtu asiye na saa.

Maji nayo yana hesabu. Kutoka maji kujaa hata kujaa tena ni saa 12 na dakika kama 25, na kwa hiyo kila siku maji huchelewa kadiri ya dakika 50 kuliko jana. Wanawake waendao kuchokoa pweza penye miamba wajua jambo hili kuliko makarani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa katika pwani yetu ni kadiri ya mita tatu; siku za maji mafu hupungua sana. Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kidogo, katikati hupanda kwa nguvu, na karibu na kujaa hupunguza tena mwendo. Ajuaye haya aweza kusoma muda katika nguzo iliyosimama majini.

Na hivyo ndivyo lilivyoamuliwa lile shauri. Mzee mmoja wa baraza, aliyekuwa mvuvi maisha yake yote, hakuuliza tena habari za saa. Aliwaambia washtaki, "Wanangu, poleni sana. Mlipopinduka, maji yalikuwa wapi katika nguzo za ule wando wa kutegea samaki, ng'ambo ya mkondo?" Wakafikiri, wakajibu pamoja ya kuwa maji yalikuwa yakipanda kwa nguvu, na katika nguzo yalifika kadiri ya magoti ya mtu. Kisha akamgeukia mvuvi. "Nawe, mwanangu, ulipowapitisha hapo kwenda pwani?" Mvuvi akajibu, "Yalifika kifuani, mzee." Wale watatu wakakubali.

Mzee akasema, "Siku ya bamvua, maji yakiwa katikati ya kujaa, kutoka gotini hata kifuani ni muda wa saa moja, yapungua kidogo au yazidi kidogo. Saa tatu hazikupita. Zingepita, nguzo zisingeonekana. Wala si robo saa."

Baraza zima likanyamaza. Walioshtaki walikuwa wamekaa majini katika hofu ya mauti, wakingoja, wakisikia wimbi baada ya wimbi, wakimtazama mwenzao akilegea. Kila pigo la moyo walilihesabu, nayo saa moja ikawa tatu. Mvuvi alikuwa kazini, mikono katika kamba, akili katika jarife zito lililokaribia kupasuka. Saa moja ikampita kama robo. Hapana aliyesema uwongo. Mvuvi aliinamisha kichwa akasema, "Nilidhani ni kitambo kidogo. Ningalijua ni saa moja, ningaliukata wavu." Hakuna aliyemwita mwongo tena, wala hakuna aliyemwambia ya kuwa saa moja ni kitu kidogo. Alikwenda yeye mwenyewe kwa wafiwa kutoa mkono wa rambirambi, nao wakaupokea.

Basi twawaomba wazee wa mabaraza walitie jambo hili moyoni. Shahidi akitaja muda mrefu au mfupi mno, msifanye haraka kumwona mwongo. Mwulizeni jua lilikuwa wapi, maji yalifika wapi, ilikuwa kabla au baada ya adhana, au baada ya kengele ya shule, mlo gani ulikuwa motoni. Ishara za nje hazina homa wala hofu. Tena mwulizeni alikuwa akifanya nini, maana aliyengoja na aliyefanya kazi hawakai katika muda mmoja.

Walimu nao waweza kuwafundisha watoto kwa jaribio jepesi. Waambie wafumbe macho, na kila mmoja ainue mkono aonapo dakika moja imetimia, nawe ushike saa. Mikono itainuka kwa nyakati mbalimbali sana, nao watacheka. Kisha urudie jambo lile baada ya kukimbia uwanjani, na mara nyingine wakisikiliza ngoma, na mara nyingine katika kimya. Waandike tofauti wanazoziona. Mtoto aliyeona kwa macho yake ya kuwa dakika yake na ya jirani yake si moja atakuwa mtu mzima mwenye subira barazani.

Na wanaosafiri majini na wavuvi, neno letu kwao ni fupi. Ukisikia mtu analia kwa kuomba msaada nawe una kazi mkononi, usijiambie, "Namaliza kidogo tu." Kazi ile ile ndiyo inayokuficha muda. Tazama nguzo, tazama maji, kisha uache kamba uende.